Casablanca ni ya mwaka gani? Ushauri kwa mtunzi wa chemsha bongo ya filamu za zamani

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii baada ya chemsha bongo ya ukoo wao kuishia kwenye mabishano. Swali lilikuwa fupi: "Casablanca ni filamu ya mwaka gani?" Meza moja ikasema 1942, ya pili 1943, ya tatu 1944, na kila meza imeinua simu kuonyesha ushahidi. Mwendesha maswali alikuwa na 1942 kwenye karatasi yake, akaishikilia hiyohiyo. Waliokoseshwa wakaondoka na kinyongo, na walikuwa na haki nacho.

Filamu ile ilionyeshwa mara ya kwanza New York tarehe 26 Novemba 1942. Kumbi za Marekani kwa jumla ziliipata Januari 1943, ndiyo maana kwenye Oscar ilihesabiwa kuwa ya 1943. Tuzo yenyewe ya filamu bora ikatolewa usiku wa tarehe 2 Machi 1944. Meza zote tatu zilileta jibu la kweli. Kilichokosekana ni swali.

Hapo ndipo watunzi wengi wanapoanguka. Wanahangaika kutafuta majibu adimu, kumbe ubishi hauzaliwi na jibu, unazaliwa na swali lililoachwa wazi. Kwa hiyo usiandike "ya mwaka gani". Andika "ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka gani" au "ilipokea Oscar ya filamu bora katika sherehe ya mwaka gani". Chagua moja, na ulitamke hivyohivyo ukumbini. Kwa miaka ya mwanzo ongeza uangalifu mara mbili. Sherehe ya kwanza, tarehe 16 Mei 1929 katika hoteli ya Roosevelt huko Hollywood, ilihusu filamu zilizotoka kati ya Agosti 1927 na Julai 1928. Tuzo ya kwanza ya Katharine Hepburn, ya filamu ya Morning Glory, ni ya msimu wa 1932/33. Ukimlazimisha mshindani akupe mwaka mmoja hapo, unamwonea.

Na kwa kuwa tumemtaja Hepburn: jibu la "Hepburn" tupu lisipewe alama. Wako wawili, hawana undugu wowote. Katharine alishinda Oscar 4 za mwigizaji bora wa kike, na ile ya filamu za 1968, iliyotolewa 1969, aliipata sare na Barbra Streisand, kwa hiyo swali la mshindi wa tuzo hiyo lina majibu mawili. Audrey, aliyezaliwa Brussels mwaka 1929, alishinda moja ya uigizaji, kwa Roman Holiday ya 1953.

Mtego wa pili ni sura na sauti. "Nani aliimba nyimbo za Eliza katika filamu ya My Fair Lady?" Anayeonekana ni Audrey Hepburn, lakini sehemu kubwa ya uimbaji ni ya Marni Nixon. Nasema sehemu kubwa kwa makusudi, maana vipande vichache vya sauti ya Audrey mwenyewe vilibaki, na mtu anayeijua filamu hiyo atakukumbusha. Nixon huyohuyo ndiye aliyemwimbia Deborah Kerr katika The King and I (1956) na Natalie Wood katika West Side Story (1961). Swali lililo salama ni hili: "Mwimbaji gani aliwatolea sauti waigizaji hao watatu?" Halina mlango wa pili. Kwenye Casablanca pia, Dooley Wilson aliyecheza kama Sam mpiga piano alikuwa mpiga ngoma. Piano unayoisikia imepigwa na mwingine.

Maneno maarufu ya filamu yaogope kama pilipili. Watu wengi wana hakika kwamba Casablanca ina sentensi "Play it again, Sam". Haimo. Ingrid Bergman anasema "Play it, Sam". Vilevile Johnny Weissmuller hasemi popote "Me Tarzan, you Jane" katika Tarzan ya 1932. Ukitaka kutumia maneno ya filamu, isikilize sehemu hiyo mwenyewe ukiwa na kalamu, usinakili kutoka kwenye orodha za mitandaoni.

Kisha neno "wa kwanza". Neno hili linataka uzio. Hattie McDaniel ni mtu mweusi wa kwanza kushinda Oscar, ya mwigizaji bora msaidizi wa kike, kwa Gone with the Wind. Sidney Poitier ni mwanamume mweusi wa kwanza kushinda ile ya mwigizaji bora, kwa Lilies of the Field. Lakini ukiandika tu "mwanamume mweusi wa kwanza kupata Oscar", mjuzi atakuletea James Baskett aliyepewa Oscar ya heshima mwaka 1948, na atakuwa sahihi.

Nawaomba watunzi wasimtaje McDaniel kwa haraka halafu wakapita. Usiku ule wa tarehe 29 Februari 1940, katika ukumbi wa Cocoanut Grove, alikaa kwenye meza ndogo pembeni, mbali na wenzake wa filamu hiyohiyo. Alichokabidhiwa hakikuwa sanamu. Miaka hiyo waigizaji wasaidizi walipewa kibao chenye umbo dogo la sanamu. Kibao chake kilikwenda Chuo Kikuu cha Howard kwa wosia wake, kikapotea huko, na mwaka 2023 waandaaji wa Oscar wakakipa chuo hichohicho kibao kipya cha kuziba pengo. Humo mna maswali matatu mazuri, na yote yana jibu moja moja.

Sasa tuje kwetu, maana hapa msomaji wa Kiswahili ana silaha ambayo mtunzi wa London hana. Mogambo ya 1953, ya mwongozaji John Ford, ilipigwa picha Afrika Mashariki. Kwenye kurasa nyingi za Kiingereza utasoma kwamba "mogambo" ni Kiswahili, maana yake mapenzi makali. Wewe unayesoma hapa unajua hakuna neno kama hilo. Tunalo mgambo, baragumu la kuita watu, na la mgambo likilia kuna jambo, lakini mapenzi hayamo. Usiiweke tafsiri hiyo kwenye karatasi yako hata kama imeandikwa mahali mia. Uliza badala yake: "Steringi gani alicheza Red Dust ya 1932, kisha akarudia nafasi hiyohiyo miaka 21 baadaye katika Mogambo?" Ni Clark Gable. Swali la nyongeza: Ava Gardner aliteuliwa Oscar kwa Mogambo, akapitwa na nani? Audrey Hepburn, kwa ileile Roman Holiday.

Hatari! ya Howard Hawks ina jina la Kiswahili halisi. John Wayne na wenzake walipiga picha upande wa Arusha kabla ya uhuru wa Desemba 1961, na filamu ikatoka 1962. Kwa hiyo jibu la nchi ni Tanganyika. Kama unataka kupokea "Tanzania", andika "nchi ambayo leo inaitwaje". Mwenzake mmoja, Mjerumani Hardy Krüger, alinunua shamba Momella, chini ya Mlima Meru. Swali hilo liweke kwenye kundi la magumu.

The African Queen (1951) ndiyo iliyompa Humphrey Bogart Oscar yake pekee. Ilipigwa picha Uganda na Kongo, na baadhi ya sehemu za majini zikamaliziwa studio huko Uingereza, basi usiandike kwamba filamu nzima ilitengenezwa Afrika. Manowari ya Kijerumani ya kwenye hadithi husemwa imetokana na Graf von Götzen ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, lakini kwanza waliipaka mashine grisi nene zisiliwe na kutu, na grisi ile ndiyo iliyoiokoa. Iliopolewa mwaka 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Jihadhari na kosa moja hapa: Liemba haionekani kwenye filamu hiyo.

Na swali ambalo naona linakosewa hata na wazee wanaozijua sinema hizi: mwigizaji Rita Hayworth aliolewa na Aly Khan mwaka 1949, na watu wakamfanya mama mzazi wa Aga Khan IV. Karim, ndiye huyo Aga Khan IV, alizaliwa 1936, mama yake ni Joan Yarde-Buller. Mtoto wa Rita na Aly ni Yasmin, aliyezaliwa Desemba 1949.

Kuhusu mpangilio nitakuwa mfupi. Maswali 30 yanatosha, mizunguko 5 yenye maswali 6, na kila mzunguko uwe na mepesi 2, ya kati 3 na gumu 1. Soma kila swali mara mbili, kisha toa sekunde 40. Kwenye karatasi yako, chini ya kila jibu, andika majibu mengine utakayoyapokea na yale utakayoyakataa, pamoja na sababu ya kila moja. Hiyo ndiyo inayokuokoa simu zinapoinuliwa. Halafu mpe mtu mmoja asiyehusika asome maswali yote siku mbili kabla, na umwambie akutafutie jibu la pili lenye mantiki. Akilipata, swali liandikwe upya, hata kama unalipenda.

Sare huvunjwa kwa namba, anayekaribia zaidi ndiye mshindi. Watu hupenda kuuliza urefu wa Gone with the Wind kwa dakika. Acha hilo, kwa sababu hesabu hutofautiana kwa zaidi ya dakika kumi kutegemea kama muziki wa mwanzo, wa mapumziko na wa mwisho umejumlishwa. Chukua tarehe mbili zisizobishiwa. McDaniel alishinda tarehe 29 Februari 1940, Poitier tarehe 13 Aprili 1964. Uliza ni siku ngapi zilipita kati ya usiku huo na huo. Miaka 24 kutoka Februari hadi Februari ni siku 8,766, ukishahesabu zile 6 za miaka mirefu. Ongeza 44 za kufikia tarehe 13 Aprili. Jibu ni 8,810.