Je, ni kweli Lincoln alipata kura nyingi akakosa useneta?

SWALI: Bwana Mhariri, salamu kutoka Kadutu, hapa Bukavu. Mjomba wangu, ambaye ni mwalimu mstaafu wa historia, husema kwamba Abraham Lincoln alishindwa katika kila uchaguzi wa Bunge la Marekani kabla ya kuwa rais. Rafiki yangu naye anadai kwamba mwaka 1858 Lincoln alipata kura nyingi kumshinda mpinzani wake, lakini kiti cha useneta kikaenda kwa huyo mpinzani. Ni nani anayesema kweli?

JIBU: Mfikishie mjomba wako salamu zetu, kisha umwambie kwa heshima kwamba mara moja Lincoln alishinda. Mwaka 1843 alitaka chama chake cha Whig kimpitishe kugombea Baraza la Wawakilishi, lakini chama kikampitisha John Hardin. Zamu yake ilifika mwaka 1846, alipokabiliana na mhubiri wa Kimethodisti, Peter Cartwright, huku uvumi ukienezwa kwamba Lincoln ni adui wa dini. Alichapisha tangazo la kujieleza, na tarehe 3 Agosti akapata kura 6,340, naye Cartwright 4,829. Alitumikia muhula mmoja, hadi mwaka 1849, bila kugombea tena, maana ndani ya chama walikuwa wamezoea kupokezana kiti hicho.

Kuhusu useneta, rafiki yako yuko karibu na ukweli, ila hajaufikia. Zama hizo seneta hakuchaguliwa na wananchi moja kwa moja, bali na wabunge wa jimbo, utaratibu uliodumu Marekani hadi mwaka 1913 na ambao sisi Wakongo tunaufahamu vizuri. Tarehe 20 Desemba 2023, mpiga kura wa Bukavu aliyesimama mbele ya mashine ya kupigia kura aliona picha za wagombea urais, kisha za wagombea ubunge wa taifa na wa jimbo, lakini hakuona hata picha moja ya mgombea useneta, kwa kuwa Katiba yetu ya mwaka 2006 imewakabidhi wabunge wa jimbo kazi hiyo. Mpiga kura wa Illinois, jimbo la Lincoln, mwaka 1858 alikuwa katika hali hiyohiyo: alikuwa amesikiliza midahalo saba kati ya Lincoln na Stephen Douglas, kila mmoja wa saa tatu, wa kwanza Ottawa tarehe 21 Agosti na wa mwisho Alton tarehe 15 Oktoba, lakini alipofika kupiga kura alichagua mbunge wa eneo lake tu.

Kwa hiyo kura tunazoweza kuhesabu ni za vyama, si za Lincoln mwenyewe. Chama chake kipya cha Republican kilikitangulia kidogo chama cha Douglas katika jimbo zima. Hata hivyo, mgawanyo wa viti ulifuata idadi ya watu iliyokwisha kupitwa na wakati, ukaipendelea sehemu ya kusini ambako Douglas alikuwa na nguvu, na baadhi ya maseneta wa jimbo hawakuwa wamefikia mwisho wa muhula wao. Tarehe 5 Januari 1859, Douglas alichaguliwa kwa kura 54 dhidi ya 46.

Hukuuliza kuhusu uchaguzi wa useneta wa mwaka 1855, lakini kwangu huo ndio uchaguzi unaomwonyesha mtu huyu waziwazi zaidi. Katika duru ya kwanza Lincoln aliongoza kwa kura 44, James Shields, seneta aliyekuwa akitetea kiti chake, akapata 41, na Lyman Trumbull akapata 5 tu. Watano hao, wapinzani wa kuenea kwa utumwa kama Lincoln, walitoka chama cha Democratic na hawakukubali katu kumpigia mtu wa Whig. Duru zikaendelea, kura za Lincoln zikapungua hadi 15, na Gavana Joel Matteson, ambaye upande wa Lincoln haukumwamini katika suala hilo, akakaribia kushinda. Hapo Lincoln aliwaambia wafuasi wake waliobaki wampigie Trumbull, na katika duru ya kumi Trumbull akashinda kwa kura 51. Mtu mwenye kura 44 alimwachia kiti mwenye kura 5 ili hoja yao isipotee. Miaka tisa baadaye, Lincoln akiwa rais, Trumbull huyohuyo ndiye aliyeongoza kamati ya Seneti iliyoandaa rekebisho la 13 la Katiba, lililofuta utumwa Marekani.