Babu hakubatizwa, sasa bibi kagoma kubatizwa

SWALI: Shikamoo mama. Babu yangu mzaa baba amefariki mwezi wa tatu, alikuwa na miaka kama 88 hivi na hakuwahi kubatizwa, hakuwa mtu mbaya kabisa, sema alikuwa wa mambo ya kimila, tambiko na nini. Siku ya mazishi mchungaji wetu (tunasali kanisa la kiroho) akasimama pale kaburini akasema wazi wazi kwamba huyu mzee hatutaonana naye tena, amekufa katika dhambi, na nyie mliobaki mjifunze. Bibi amekaa pale pale kwenye mkeka anasikia. Sasa bibi alikuwa anasoma mafundisho ya ubatizo, abatizwe Desemba, baada ya msiba kagoma. Anasema siendi mahali mzee wangu hayupo, nimekaa naye miaka 60, huko nikakae na nani? Nimejaribu kumuelewesha wapi. Alafu binamu yangu yuko chuo, ananiambia kuna Wakristo wanaamini kwamba mwishoni kabisa watu wote wataokolewa, hata waliokufa bila kuamini. Hiyo imani ipo kweli au ni mafundisho ya mashetani? Nimwambie nini bibi? Na jingine, ukoo unachangishana elfu sabini kila mtu kujengea kaburi, wapendwa kanisani wananiambia nisitoe kwa sababu ni kaburi la mpagani. Mjukuu, Njombe.

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana na msiba.

Binamu yako hajakudanganya, imani hiyo ipo na ni ya zamani kuliko madhehebu mengi tunayoyajua sisi huku. Karne ya 3 pale Alexandria, Misri, kulikuwa na mwalimu anaitwa Origen, baba yake aliuawa kwa ajili ya Kristo na yeye mwenyewe uzeeni akateswa gerezani kipindi cha Kaisari Decius, yaani sio mtu wa kuchezea imani. Huyu alifundisha kwamba moto wa Mungu ni kama dawa chungu, unachoma uovu ili mtu apone, na mwisho viumbe vyote vitarudi kwa Mungu. Kwa Kigiriki wanaita apokatastasis, kurudishwa. Baadaye Gregory wa Nyssa, askofu wa karne ya 4 huko ambako leo ni Uturuki, akafundisha karibu kitu kile kile. Sasa ona mambo ya kanisa: mafundisho yanayobeba jina la Origen yalilaaniwa na maaskofu waliokutana Constantinople (Istanbul ya leo) mwaka 553, amekufa miaka 300 nyuma, ila Gregory ni mtakatifu mpaka kesho, Wakatoliki na Waorthodoksi wote wanamheshimu.

Wanaoamini hivi wanashika 1 Wakorintho 15:22, kama katika Adamu wote wanakufa kadhalika katika Kristo wote watahuishwa, na 1 Timotheo 2:4 kwamba Mungu anataka watu wote waokolewe. Wanauliza, Mungu akitaka kitu atashindwa? Upande wa pili wanafungua Mathayo 25:46, adhabu ya milele. Wale wa kwanza, wanaoamini wote wataokolewa, wanajibu kwamba neno la Kigiriki pale, aionios, linaweza kumaanisha ya zama zijazo, sio lazima isiyoisha. Augustino, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, alishawajibu zamani, kwamba mstari ule ule unatumia neno lile lile kwa uzima wa milele, kwaiyo ukiipunguza adhabu umepunguza na uzima. Nisikufiche, hilo jibu lina uzito, na mimi mpaka leo sijaona aliyelipangua kirahisi.

Ndo maana makanisa mengi hayakubali kufundisha rasmi kwamba wote wataokolewa. Walutheri kwenye Ungamo lao la Augsburg la 1530, yaani tamko lao la imani, wameandika kabisa kwamba wanawapinga wanaosema adhabu itakuwa na mwisho. Lakini Martin Luther mwenyewe, mwanzilishi wao, kwenye barua ya 1522, aliulizwa kama Mungu anaweza kumpa mtu imani wakati anakufa au hata akishakufa, akasema nani atatilia shaka kwamba Mungu anaweza, ila hakuna mtu awezaye kuthibitisha kwamba anafanya hivyo. Wakatoliki nao wanafundisha jehanamu ipo, na papo hapo Mtaguso wa Pili wa Vatikano (mkutano mkuu wa maaskofu wao) mwaka 1964 ulisema asiyeijua Injili bila kosa lake, akamtafuta Mungu kwa moyo na kufuata dhamiri yake, anaweza kuokolewa. Na kila anayesali rozari na ile sala ya Fatima anamwomba Yesu aziongoze roho zote mbinguni. Zote, sio baadhi. Sijui wangapi wanasikiliza wanachokisema.

Lakini mimi kilichonigusa kwenye barua yako ni bibi, kwa sababu bibi sio wa kwanza. Kuna hadithi ya kale ya Radbod, mfalme wa Wafrisia huko Uholanzi ya leo, miaka ya 700, alishaingiza mguu kwenye maji ya ubatizo akauliza wazee wangu wako wapi, akaambiwa jehanamu, akautoa mguu akasema basi nitakaa na wazee wangu. Hiyo ni hadithi, sawa. Ila hii sio hadithi: mmisionari Mkatoliki Francis Xavier alivyotoka Japani aliandika mwaka 1552 kwamba Wajapani waliokwisha kuamini walikuwa wanalia kwa ajili ya wazazi wao waliokufa, wanamuuliza hakuna namna ya kuwasaidia? Yeye akawajibu hakuna, na akakiri ilimuuma kuona marafiki zake wanalia hivyo.

Na karibu na wakati wetu kulikuwa na askofu Carlton Pearson wa Tulsa, Marekani, mlokole kabisa, kanisa linajaa maelfu. Mwenyewe alisimulia kwamba miaka ya 90 alikuwa anakula jioni huku anaangalia TV, wanaonyeshwa wakimbizi wa Rwanda, akawaza hawa wanaenda motoni maana hawajaokoka, na hapo hapo ndani yake akasikia kwamba hao wako motoni tayari, na sio Mungu aliyewaweka. Akaanza kuhubiri kwamba wote wamekombolewa. Mwaka 2004 maaskofu wenzake wakamtangaza mzushi, waumini wakaondoka, jengo likapotea, akafariki 2023 hajabadilisha neno. Sisi majirani tunalijua jambo ambalo hata yeye siku ile hakulifikiria, kwamba Wanyarwanda wengi walishabatizwa, na wengine waliuawa ndani ya makanisa hayo hayo walikobatiziwa.

Mimi siwezi kukuapia kwamba wote wataokoka. Natumaini, na kutumaini sio uzushi. Ila mchungaji wenu alitamka hukumu ambayo hakupewa. Yule mwizi pale msalabani alibakiwa na masaa tu, na angekufa bila kuongea pale chini wangesema hivyo hivyo, huyu kaenda. Babu usiku wa mwisho aliwaza nini, mchungaji alikuwepo?

Kwaiyo usiende kwa bibi na Kigiriki wala na Origen, atakuona umechanganyikiwa zaidi yake. Kaa naye jikoni, mwambie bibi, yule mchungaji hajui babu yuko wapi, na mimi sijui, anayejua ni Mungu na yeye anampenda babu kuliko hata wewe. Akitaka kumuombea mumewe mwache amuombee kwa maneno yake. Ubatizo usimlazimishe, Desemba ikipita kuna Pasaka, na kama kumuona yule mchungaji kunamtonesha tafuta mwingine amfundishe, wapo.

Na mchango toa mwanangu, yule ni babu yako. Kama elfu sabini ni nzito mwambie mweka hazina mapema utoe kwa awamu, kabla fundi hajamwaga zege.