Mwenzangu anachora, mimi nauza: kuprinti fulana na rafiki Mbeya

Nikisema nafanya biashara na rafiki yangu wa tangu sekondari, watu huinamisha sauti kama wanaulizia mgonjwa: "Na hamjawahi kugombana?" Tumegombana. Wiki tatu tuliingia kazini bila salamu, kila mtu amempa mwenzake mgongo, na chumba chenyewe hakizidi hatua tano.

Chumba kiko Mwanjelwa. Tunaprinti fulana, fomu siksi (fulana zenye kola) na mifuko ya kitambaa: za mahafali, sendoff, kwaya, vikundi. Yeye anachora, anatengeneza skrini (fremu zenye kitambaa chembamba kinachopitisha wino pale penye mchoro) na kuchanganya rangi. Mimi natafuta wateja, naagiza mzigo Kariakoo, naufuata stendi, nadai madeni. Tulianza kwa kuweka laki nne kila mtu, tukasajili jina la biashara kwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili, tukapiga picha na cheti, tukala kuku. Tukadhani tumemaliza. Cheti kile kinaonyesha jina la biashara. Hakisemi aliyekesha akichora mpaka saa nane usiku anamzidi nini aliyelala saa tatu.

Mwaka wa pili kikundi kimoja cha wakulima kikatupa oda ya fomu siksi 60 za kuvaa Nanenane, pale viwanja vya John Mwakangale. Kianzio kikaingia kwenye simu yangu. Hatukuwa na lipa namba. Namba ya biashara ndiyo hiyo hiyo ninayonunulia umeme na kulipia kikoba. Wiki ile mdogo wangu akarudishwa nyumbani kwa ajili ya ada. Nikatoa laki na themanini, nikajiambia nitairudisha Ijumaa. Mwenzangu sikumwambia, maana nilijua angekubali. Na kweli angekubali, ndiyo maana bado linaniuma.

Wino wa kijani ukaisha. Akaomba hela, nikamwambia asubiri kidogo. Siku mbili zikapita. Ilikuwa mwisho wa Julai, na wa Mbeya mnaijua baridi ya Julai: wino wa maji ukiupaka asubuhi, saa saba mchana bado unanata kidoleni. Kawaida tunaacha fulana zikauke taratibu ndipo tupige pasi. Safari hii muda ulishatuishia, tukakesha na pasi mbili za moto mkali. Kumi na moja zikaungua. Akainua moja, akaiangalia begani pale kijani kilipogeuka rangi ya majani makavu, akauliza bila ukali wowote: "Hela ya wino ilienda wapi?"

Nikajibu kwa kumkumbusha fulana za ubatizo alizomprintia shangazi yake bure. Ishirini na mbili. Nilikuwa nimezihesabu! Naye akanitajia usiku aliokesha akichora upya nembo ya mteja niliyemwahidi mabadiliko bila kumuuliza. Kumbe kila mmoja alikuwa na daftari lake moyoni, na hesabu zetu hazikufanana hata ukurasa mmoja.

Aliyetutoa hapo ni mama yake. Alikuja kutoka Tukuyu na mkungu wa ndizi, akaketi kwenye robota la fulana, akatusikiliza wote wawili mpaka tukaishiwa maneno. Kisha akauliza: "Wanangu, kwani nyie mnalipana shilingi ngapi?" Kimya. Miaka miwili tulikuwa tunagawana kilichobaki nusu kwa nusu, na hakuna aliyewahi kulipwa kwa kazi aliyoifanya.

Sasa tunalipa kazi kwanza. Mchoro mpya ni 15,000 kwake. Oda niliyoileta na kuisimamia mpaka mwisho, asilimia 8 kwangu. Anayesimama mezani kuprinti, awe mimi, yeye au kijana wa kibarua, 300 kwa kila fulana. Kisha wino, kodi ya chumba, umeme. Kikibaki kitu ndipo nusu kwa nusu. Viwango vyenu vitakuwa vingine, ila msiruke hatua hiyo. Ile nusu iliyotugombanisha ilipokuwa ya kwanza haitusumbui tena ikiwa ya mwisho. Na msipoandika chochote, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inawachukulia wabia kuwa mnagawana sawa, faida na hasara. Labda mnataka hivyo. Basi iwe mmechagua wenyewe.

Ndugu tumewawekea kikomo: kila mmoja wetu ana fulana kumi kwa mwaka za bei ya gharama. Shangazi alinuna mwezi mzima, akazoea. Hela za wateja zinaingia lipa namba, na tukitoa hata elfu mbili ya bajaji inaandikwa.

Kipengele kilichotuchukua jioni nzima ni cha michoro. Skrini tumenunua wote, lakini mchoro ulio juu yake umetoka mkononi mwake, na hakimiliki huanzia kwa aliyeuumba. Akiondoka kesho? Tuliandika hivi: michoro ni yake, chumba kinaruhusiwa kumalizia oda zilizokwisha lipiwa kianzio, na fremu zinagawanywa. Ukurasa mmoja na nusu, sahihi mbili, shahidi mwenyekiti wa mtaa. Niliona aibu kumwomba rafiki yangu asaini. Yeye alisaini kwanza, akaniambia kalamu yangu mbovu.

Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kufungua, tunafungua daftari kwa chai. Jumatatu hii ubishi ni mashine ya DTF, inayochapa picha kwenye filamu kisha ikabandikwa kwenye fulana kwa joto. Mimi naitaka, wateja wanaleta picha za rangi kumi wakitaka zitoke leo leo. Yeye anasema hakuanza kuchora ili aje kuwa mbonyeza kitufe. Wiki iliyopita hatukufika popote. Daftari ninalo mimi, chapati zamu yake.