Kodi ipi, mwanangu?

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili nikicheka. Unasema ulimwomba mwenye nyumba akurudishie ile tozo ya jengo, shilingi 1,500, inayokatwa kila mwezi ukinunua umeme wa LUKU, naye akakujibu: "Kodi analipa mpangaji. Hiyo ya kwenye LUKU ni kodi. Sasa unanidai nini?" Ukahisi kabisa umepigwa, ila hukuweza kuonyesha umepigwa wapi. Ndilo swali lako.

Umepigwa kwenye neno kodi. Amelitaja mara mbili, na kila mara ni kitu kingine. Kodi ya kwanza ni pango, fedha unayompa yeye ili ukae chumbani kwake. Ya pili ni ya serikali, na anayedaiwa ni mwenye jengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU; ilianza na 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapandishwa mwaka 2023. Mita haijui nani mwenye nyumba na nani mpangaji, inamkata yeyote anayenunua umeme. Hapo ndipo mwenye nyumba wako alipopata upenyo.

Sasa mnyang'anye hilo neno uone. "Pango analipa mpangaji. Hiyo ya kwenye LUKU ni tozo ya serikali. Kwa hiyo..." Kwa hiyo nini? Hakuna kinachofuata. Sentensi zile mbili zilishikana kwa sauti ya neno tu. (Pango nalo ni shimo la popo, najua. Na kwa picha ya chumba uliyonitumia, sina uhakika sana na tofauti.)

Mgiriki Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alihesabu hila 13 za mabishano, sita zikitokana na lugha yenyewe. Ya kwanza ndiyo hii ya neno moja lenye maana mbili. Inayofuata ni ya sentensi ambayo kila neno lake liko wazi, lakini ukiisoma nzima inaelekea kuwili. Hiyo nayo umeshakutana nayo: lile tangazo la getini, "Wapangaji wote hawajalipa maji." Wewe ulikuwa umelipa, ukawaka. Huenda yeye alimaanisha si wote waliolipa. Kiswahili kinampa ruhusa hiyo, kwa hiyo pale ulipaswa kuuliza kabla ya kuwaka.

Ila usishangilie mapema. Hoja yake kuvunjika si ushahidi kwamba hudaiwi. Kama mkataba uliosaini unasema tozo ya jengo ni juu yako, utalipa, kwa sababu mlikubaliana. Usome leo. Na kama umeandikwa tu "kodi zote atalipa mpangaji", basi tumerudi palepale, na itabidi mkae chini muulizane kodi ipi.

Huyo mzee simlaumu sana, huenda hata yeye anajiamini. Unajua chumba cha mbele nimekipangisha. Yule kijana aliniuliza habari hiihii mwezi uliopita, nikamjibu, akanyamaza. Mama yako anayesoma haya begani kwangu anasema nilimjibu kama mwenye nyumba wako, neno kwa neno. Ameshatoka kwenda kumwita.

Baba yako