Pikipiki haichaji? Dogo, weka nyundo chini kwanza

Jana dogo mmoja kaniletea pikipiki, mkononi kashika betri mpya bado ina nailoni. Namuuliza ya ngapi hiyo, ananiambia ya tatu toka Januari. Ulipima chaji? Kimya, anaangalia viatu. Mi nawapenda nyie vijana, ila hii ya betri ikilala unanunua nyingine nimeichoka, kwa hiyo naandika mara moja tu, atakayeniuliza tena namrudisha hapa.

Naongelea hizi za kazi, injini mtindo wa CG ya Honda, zilizojaa kila kijiwe, koili ya chaji (ile inayozalisha umeme kwenye injini) inatoa waya mweupe na wa njano. Za waya tatu za njano nitazigusa njiani.

1. Betri kwanza. Ichaji pembeni usiku, iache itulie masaa kadhaa, pima volti. 12.6 kwenda juu safi, 12.2 iko nusu, ikishuka chini ya 12 imekaa tu hamna kitu kilichofungwa, hiyo kampe wa vyuma chakavu. Na ukienda dukani ukasema tu "nipe maji ya betri" unaweza kupewa asidi, soma chupa. Kuna jamaa alikuwa anaongeza asidi kila maji yakipungua, afu anasema betri za siku hizi feki.

2. Washa, mita ya umeme weka DC 20, shika betri. Kwenye sailensa, yaani bila resi, isipopanda sana usipige kelele, piga resi. Inatakiwa ipande 13.5 mpaka 14.5. Isipopanda hamna chaji, ikivuka 15 rektifaya, kile kidude kinachogeuza umeme wa koili uingie betri, inapika betri. Usichomoe betri injini inaunguruma eti uone kama itazima. Injini hizi moto wa plagi unatoka kwenye koili yake nyingine, kwa hiyo haizimi hata kama chaji imekufa, unachopata ni volti kuruka na balbu kuungua. Halafu betri ya mita ikichoka, mita yenyewe inaanza kusoma juu kuliko ukweli. Kuna siku nilisoma 16 kwenye pikipiki nzima kabisa.

3. Koili. Hapa kaeni chini.

Nilikuwa na kama miezi saba kwenye ufundi, najiona nimeiva. Akaja jamaa wa bodaboda, anapiga kazi pale Feri upande wa Kigamboni, honi inakoroma kama mgonjwa, indiketa hazipepesi. Nikapima betri, 12.1, nikapiga resi, 12.1 ile ile. Hapo nilikuwa sahihi, hamna chaji. Tatizo nilikuwa nimemsikia fundi mmoja anasema koili ikishika bodi, yaani chuma cha injini na fremu, imekufa. Nikachomoa soketi ya koili, mita nikaweka kwenye mlio, ncha moja kwenye waya mweupe nyingine kwenye injini, piiiii. Nikageuka kama daktari, "Kaka, koili imepiga bodi, hii imeungua."

Sasa wanaojua wanacheka saa hizi. Yule fundi alikuwa anaongelea zile za njano tatu, zile kweli waya wowote ukishika bodi koili imekwisha. Lakini hizi za CG ncha moja ya koili IMEFUNGWA kwenye bodi toka kiwandani, ndivyo ilivyotengenezwa, lazima ilie! Isingelia ndo ningepaswa kushtuka.

Jamaa akatoa hela, nikanunua koili. Kuifikia ilibidi nitoe magneti, lile gurudumu la sumaku linaloizunguka, na pula ya kulivutia sikuwa nayo, iko kwa fundi mkuu na fundi mkuu kasafiri, mi nikaona aibu kumwambia mteja asubiri. Nikachukua nyundo. Nikagonga, nikazungusha, nikagonga, nusu saa nzima, magneti ikatoka na kipande cha sumaku kimebanduka ndani. Nikakibandika na gundi. Ndiyo, gundi. Kesho yake nimewasha kikaachia, mlio ule sijausahau, kama mtu anasaga kokoto kwenye sufuria. Magneti nyingine hiyo, safari hii hela yangu.

Siku ya tatu nina koili mpya, magneti mpya, nimepima, 12.1. Nikapima koili mpya na bodi, piiiii. Na bado kichwa hakikunituma kujiuliza inakuwaje koili mpya nayo iwe imekufa, nikasema duka limeniuzia feki, nikarudi nikagombana na mwenye duka, yule mzee alinisikiliza tu akaniambia "mwanangu, kalale." Nikanunua na rektifaya.

Siku ya nne, rektifaya mpya, 12.1. Jamaa wa watu kakaa kwenye ndoo, siku nne hajapeleka hesabu kwa bosi, 8,000 kila siku, hata kunitukana kashachoka. Akainuka kuchukua koti lake lililokuwa kwenye siti, akaegemea, akasema taratibu, "Fundi, hiyo namba si imebadilika?"

14.1.

Akaachia, 12.1. Akaegemea, 14.1. Waya mwekundu unaotoka rektifaya kwenda betri, kwenye soketi chini ya siti, chumvi ya bahari imeula, ndani kijani tupu, umebakia nyuzi mbili zinagusana zikijisikia. Nikakata, nikakwangua, nikachomelea na risasi, dakika kumi. Koili ya kwanza ilikuwa nzima kabisa. Zile hesabu za siku nne nilimlipa kidogo kidogo, ilinichukua miezi miwili.

Kipimo chenyewe ni hiki, wala hakifiki dakika mbili: chomoa soketi, mita AC, waya mweupe na bodi, washa, piga resi. Volti zikipanda na resi, koili iache. Za njano tatu unapima mbili mbili, jozi zote tatu zisome karibu sawa. Na kabla ya hayo yote, pikipiki ikiwa inanguruma tikisa waya huku unaangalia mita.

4. Rektifaya. Lazima ishike bodi vizuri, kwangua rangi pale kwenye bolti. Rangi za waya ndo balaa lenu jingine: humu kijani ndo bodi, mweusi ni moto unaotoka swichi. Mmezoea mweusi ni hasi, mnaufunga kwenye fremu, fyuzi inakatika, mnaweka fyuzi kubwa zaidi, inakatika, mnaweka karatasi ya sigara. Wiki iliyopita nimemwagia maji siti ya mtu kwa sababu hiyo.

5. Ukipima toka rektifaya mpaka chanya ya betri inachaji, mita isome chini ya 0.3. Zaidi ya hapo volti zinaliwa njiani.

6. Mizigo. Koili hii ilitengenezewa taa moja, honi moja, na indiketa. Wewe umefunga taa nne za LED, redio, chaja ya simu mbili na zile taa za bluu chini ya siti sijui za nini, unatembea kijiweni mpaka kijiweni kwa resi ndogo, afu unaniuliza betri inaenda wapi. Zima zote, pima, washa moja moja uone ipi inaishusha.

Na aliyeazima mita yangu Jumamosi airudishe, nimetoka kuiwekea betri mpya juzi.