Nimechoka, shukrani haitoki moyoni

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, miaka 14, 9 na 4. Tunaishi Morogoro. Naamka saa 10 alfajiri kukanda na kukaanga maandazi ya kuuza, nalala saa 5 usiku. Mume wangu alipunguzwa kazini, sasa anaendesha bodaboda ya mtu. Mama mkwe tunaishi naye. Kila usiku tunasali pamoja baada ya kula, lakini wadogo wanasinzia na mkubwa ananuna. Juzi alisema sala zetu ni kama kuitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Kwenye jumuiya wenzangu wanashuhudia, mimi mdomo mzito. Mwezi uliopita nilikopa 20,000 kwenye kikoba nitoe sadaka ya shukrani, maana kila mtu alitoa. Naambiwa tushukuru kwa kila jambo, hata mume kukosa kazi. Mama mkwe anasema sina shukrani. Je, imani yangu imekufa? – Mama Watatu*

Marahaba, mwanangu.

Nimeanza kwa kupiga hesabu ya usiku wako. Kulala saa 5 na kuamka saa 10 ni saa 5 tu za usingizi. Mtu akiishi hivyo miezi mfululizo, moyo unakuwa mzito kwa kila kitu, sala ikiwemo. Fungua 1 Wafalme 19. Eliya alikaa chini ya mti akaomba afe. Hakukaripiwa, wala hakuulizwa shukrani yake iko wapi. Malaika alimgusa, palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala, akaamshwa tena akala tena. Mazungumzo na Mungu yalikuja baadaye, huko Horebu. Nawe tuanzie kwenye usingizi.

Kanda unga jioni, saa 2 hivi, wakati wali au ugali uko jikoni. Tumia maji baridi, na hamira ya chenga nusu kijiko cha chai tu kwa kilo moja ya unga. Ukiweka kiasi cha kawaida, kwa joto la Morogoro utaamka ukute umepanda, umeporomoka na umechachuka. Funika vizuri, uweke sehemu ya ubaridi. Alfajiri ni kusukuma, kukata na kukaanga. Kukanda na kusubiri ndiko kunakokula saa yako nzima. Sasa amka saa 11. Na huyo wa miaka 14 anaweza kuosha vyombo vya usiku, awe wa kike au wa kiume, nawe ukalala saa 4. Umepata saa 2.

Sasa hilo neno linalokutesa, 1 Wathesalonike 5:18, "shukuruni kwa kila jambo." Masikio yetu husikia "kwa" kama "kwa sababu ya", ndipo mtu anajilazimisha kumshukuru Mungu kwa mume kupunguzwa kazini. Kigiriki cha Paulo ni *en panti*, yaani ndani ya kila hali. Hudaiwi kuuita msiba zawadi. Unaweza kulia kazi imepotea, na jioni hiyohiyo ukashukuru kwamba jirani alimkumbuka mumeo ilipotafutwa dereva. Zaburi ya 13 inafanya hivyo: inaanza na "hata lini", inalalamika waziwazi, inamalizia kwa kuimba. Ukiruka malalamiko, ule wimbo wa mwisho unatoka mdomoni tu. Nadhani ndicho kinachokufunga mdomo kwenye jumuiya: huna uongo wa kusema. Hilo halinipi hofu juu ya imani yako.

Kuhusu sala ya usiku, mwanao kasema kweli na usimwadhibu. Sikilizeni mnavyosali. Mara nyingi mzazi anafumba macho na kusema, "Ee Bwana, msaidie mtoto huyu aache uvivu, aheshimu bibi yake." Hapo anayesemeshwa ni mtoto, na mtoto anajua. Kwa mwezi mmoja, kosa la mtoto lisitajwe kabisa kwenye sala ya familia. Mkemee mchana, umwombee ukiwa peke yako.

Salini kabla ya kula, chakula kikiwa tayari, dakika 10 zisizidi. Mkishashiba, wa miaka 4 hana macho tena. Chukueni Zaburi ya 136, yenye mistari 26, na kila mstari unarudi palepale: "Kwa maana fadhili zake ni za milele." Someni mistari 4 au 5 tu, mmoja anasoma, wengine wanaitikia. Asiyejua kusoma anaitikia kama wengine. Kisha kila mmoja atunge mstari wake wa siku hiyo: "Maji yametoka bombani leo," wote mnaitikia. "Bodaboda haikupata pancha," mnaitikia.

Kuna mahali mtakwama, nakuambia mapema. Ikifika siku ya tatu au ya nne watoto watasema "asante kwa uhai, asante kwa chakula" ili wamalize. Swali la "unashukuru nini" ni pana mno kwa mtoto. Uliza dogo: "Leo nani kakusaidia, na kakufanyia nini?" Akitaja rafiki aliyemwazimisha rula, kesho aende amwambie huyo rafiki asante. Wale kumi wenye ukoma wa Luka 17 wote walitakaswa. Mmoja tu alirudi kwa miguu yake kushukuru. Mkubwa akikataa kusema, mwachie asome tu. Wala msitumie "wenzenu hawana hata chakula." Mtoto anaingiwa na hatia, na kesho anakula kwa kujificha.

Sadaka ya mkopo usirudie. 2 Wakorintho 8:12 inasema mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Lipa kwanza kikoba, maana fedha ile ni ya wenzako. Shukrani ya mwezi huu ikiwa ni 500 au maandazi kumi kwa mgonjwa wa jumuiya, peleka bila kuinamisha kichwa.

Mama mkwe mpe Jumatano aongoze yeye. Mwulize chakula kilipatikanaje mumeo alipokuwa mdogo; aseme, muitikie. Na mumeo, siku akirudi na chochote baada ya kutoa hesabu ya mwenye pikipiki, mshukuru kwa kutaja jambo lenyewe, watoto wakisikia. Kisha, mkiwa wawili, mwambie wazi umechoka na unataka akushikie jiko Jumamosi asubuhi. Shukrani haikuzuii kuomba msaada.

Jambo moja usilifiche. Ukishapata nafasi ya kulala na usingizi bado ukagoma, hamu ya kula ikakwisha, machozi yakawa ya kila siku kwa wiki 2, nenda kituo cha afya ueleze hivyo hivyo. Wazo la kutotaka kuishi likikujia, usingoje wiki 2, nenda siku hiyohiyo, na mchungaji wako umwambie pia.

Anza na unga leo jioni. Halafu uniandikie baada ya mwezi, nataka kujua huyo wa miaka 4 katunga mstari gani.

Shangazi