Mguu Ukifa Ganzi Mazoezini, Usikubali Kuitwa Mvivu

Juzi dada mmoja wa Jinja ameniandikia. Anasema akikimbia kama nusu saa, vidole vya mguu wa kulia vinaanza kuchomachoma, kisha unyayo unakufa ganzi kabisa, hata akikanyaga kokoto hasikii. Wenzake wanamwambia ajikaze.

Ujumbe huo umeniuma, maana neno hilohilo nimelishwa mimi. Tulikuwa tukikimbia alfajiri kutoka Kololo kupanda Naguru, na kila tukifika mlimani mguu wangu ulikuwa haupo. Kocha wetu akasema mbele ya watu wote kwamba hii ni miguu ya ofisini. Sijasahau. Novemba iliyopita nimemaliza kilomita 21 hapa Kampala nikivihisi vidole vyangu vyote, na ninalisema hilo kwa fahari.

Aliyenisaidia ni fundi viatu wa soko la Owino. Alinisimamisha juu ya kipande cha boksi, akauchora unyayo wangu kwa kalamu, akaweka kiatu juu ya mchoro. Upande wa vidole, mguu ulikuwa umetokeza nje kushoto na kulia. Basi!

Mguu huvimba kidogo ukikimbia, hasa juani. Kiatu chembamba mbele hukandamiza neva, yaani mishipa ya fahamu, zinazopita katikati ya mifupa ya mguu, mara nyingi ile ya kati ya kidole cha tatu na cha nne. Kamba zikikazwa mno, zinabana neva za juu ya mguu. Ushujaa hauingii hapo.

Kwa hiyo nunua viatu jioni, mguu ukiwa umeshatanuka. Kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu paenee upana wa kidole gumba cha mkono. Kwenye mivumba, yaani viatu vya mitumba, chomoa soli ya ndani uisimamie: vidole vikimwagika nje, kirudishe hata kama bei ni tamu. Kamba nazo, legeza, na mahali panapouma ruka tundu.

Vijana wetu walimwona mkimbiaji wetu wa Uganda, Joshua Cheptegei, akitwaa dhahabu ya mita 10,000 kule kwenye Olimpiki ya Paris 2024, sasa kila mmoja anatafuta kiatu kinachofanana na chake. Jamani, mguu wako si wa Cheptegei! Vaeni kiatu cha mguu mliozaliwa nao, na muache kuwacheka wanaosimama kando ya njia kulegeza kamba.

Dada yangu, anza na kamba leo jioni. Lakini ganzi ikibaki hata ukivua viatu, au ikija umekaa tu, nenda kituo cha afya upimwe sukari, na uwaeleze pia kama mgongo unauma. Kisukari huharibu neva za miguu polepole. Kabla hujapimwa, usiuchovye mguu huo kwenye maji ya moto kama wanavyoshauri majirani, kwani unaweza kuungua bila kuhisi.